Kupishana Kando ya Bwawa la Hombolo

Bwawa la Hombolo halikujengwa kwa ajili ya matembezi. Lilijengwa mwaka 1957, wakati wa ukoloni, kwa kuziba mto Kinyasungwe Mdogo, kilomita 40 hivi kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma. Huku ni nchi kavu. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mtu akiona maji mengi yametulia mahali pamoja, lazima ayasogelee.

Siku hizi wanaoyasogelea wameongezeka. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli, mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, na tangu Julai 2024 treni ya umeme inaleta wageni kutoka Dar es Salaam. Watumishi wanaokaa ofisini wiki nzima wanatafuta pa kunyoosha miguu. Wengine wana baiskeli nyepesi za gia, wengine wanakimbia kwa vikundi wakiwa na fulana za rangi moja. Mazoezi ni jambo jema. Kinachohitaji kusemwa ni namna ya kuwa njiani pamoja na wenye njia.

Maana vijia vya kando ya bwawa vina wenyewe. Vimechongwa na kwato za ng'ombe na nyayo za wachota maji, wavuvi na wakulima wa Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu. Kule Chicago, Marekani, njia ya kando ya Ziwa Michigan ina urefu wa kilomita 29 hivi, na ilifika mahali waendesha baiskeli na watembeao wakawa wanagongana kila mara. Mwaka 2018 kazi ya kuwatenganisha ikakamilika: hawa na njia yao, wale na yao. Hombolo hakuna mstari wala kibao. Kinachoamua nani apite kwanza ni adabu, na adabu ya hapa ina kanuni moja iliyo juu ya nyingine zote: mwenye mzigo hupishwa.

Tazama baiskeli ya Phoenix iliyofungwa madumu mawili ya lita 20 kwenye keria. Hayo ni maji ya kilo 40, yanayocheza kila tairi la nyuma linapozama mchangani. Mwendeshaji akilazimika kusimama, hawezi kupanda tena na kuondoka. Atashuka, ataisukuma mpaka penye udongo mgumu, na pengine dumu moja litakuwa limekwisha kumwagika. Mwenye baiskeli ya mazoezi akisimama hapotezi kitu zaidi ya sekunde chache za saa yake ya mkononi. Kwa hiyo yeye ndiye anayeshuka, anasogea pembeni kabisa na kusubiri. Wala asingoje kuombwa.

Mama mwenye ndoo kichwani anahitaji uangalifu wa peke yake. Kengele ikilia ghafla nyuma yake, hawezi kugeuza shingo aone kinachokuja. Ataishia kuyumba, maji yammwagikie. Anayetoka nyuma apunguze mwendo akiwa bado mbali, aseme kwa sauti ya kawaida, "Samahani mama, napita kulia kwako," kisha apite kwa nafasi. Njia ikiwa nyembamba, atembee nyuma yake mpaka ipanuke. Hakuna aliyewahi kukosa afya kwa kutembea hatua hamsini taratibu.

Ng'ombe nao hawapigiwi kengele. Kundi likikabili njia, mtu hushuka, husimama upande mmoja na kuacha mchungaji aliongoze, hata kama mchungaji mwenyewe ni kijana wa miaka kumi. Ukilikuta kwa nyuma, muulize apendavyo upite upande gani. Kupasua katikati ya kundi ni kumpa mtoto wa watu kazi ya jioni nzima kutafuta ndama vichakani.

Kisha kuna salamu. Kwa Wagogo, wenyeji wa hapa, kumpita mtu bila neno si haraka, ni dharau. "Mbukwenyi" inatosha kufungua nyuso, hata ikitamkwa vibaya na mgeni wa Dar. Mzee hupewa shikamoo, na wapo waliolelewa kwamba shikamoo haitolewi mtu akiwa juu ya baiskeli. Basi angalau mguu mmoja uguse chini. Vifaa vya masikioni vitolewe. Mtu mzima anaamkia mara mbili na kijana anampita kama nguzo ya umeme: hiyo ndiyo lawama inayosikika zaidi juu ya wanamichezo wa mjini, na ni ya haki.

Mchanga ukizidi njiani, waendesha baiskeli hupenda kukata kupitia shambani. Wasifanye hivyo. Mtama na uwele hukanyagika, na hata baada ya mavuno mabua yaliyobaki yana kazi, maana ni chakula cha mifugo kiangazi. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na shamba lisilo na uzio halimaanishi shamba lisilo na mwenyewe. Tena mizabibu hupuliziwa dawa, kwa hiyo anayechuma kishada cha wizi huenda anakula na sumu juu yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Njia nyepesi ya kuwaponya wenyeji wa Hombolo ni kununua zabibu zao na perege wao kwa bei isiyokandamizwa mno.

Ufukweni, nyavu zilizotandazwa zikauke hazikanyagwi wala hazipitiwi na tairi. Uzi mmoja ukikatika, mvuvi hukaa chini na sindano badala ya kwenda majini. Picha ziombwe kabla ya simu kuinuliwa. Na mahali watu wanapofua na kuoga, anayekaribia apige hodi au akohoe, kisha azunguke mbali. Kamera hapo haina nafasi kabisa.

Jambo moja halisemwi vya kutosha kwa kuwa watu wanaona aibu. Mtembezi akibanwa na haja ndogo asiende kujisitiri ukingoni. Kichocho huenea hivi: mayai hutoka na mkojo wa mgonjwa, yanaanguliwa majini, vimelea vinaingia ndani ya konokono, halafu vinatoka tena na kupenya ngozi ya anayechota, anayeoga au anayevua. Vimelea vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, tangu kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, yaani saa ileile wageni wanapoona raha kutumbukiza miguu au kuosha baiskeli. Mtu anaweza kuwa na kichocho bila kujijua. Basi vichaka vilivyo mbali na maji vipo, na baiskeli ikaoshwe nyumbani.

Chupa tupu zirudi mjini na aliyezileta. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, lakini vifuniko na vifungashio vya biskuti bado vinaonekana nyikani, na ng'ombe hawana macho ya kuchagua.

Wakati wa kiangazi mbigili hutawala. Kijibegi chenye kiraka, gundi na pampu ni sehemu ya adabu, kwani tairi linalopata pancha mbali na fundi linaweza kuwa la mtu yeyote. Anayemkuta mwenzake ameinama juu ya gurudumu asimame, awe amevaa kofia ya mashindano au amebeba gunia la mkaa.

Na kwa wapangaji wa Jiji: ikitokea siku njia rasmi ya matembezi ikachorwa kuzunguka bwawa, waanze kwa kukaa na wachota maji, wafugaji na wavuvi. Waoneshwe mifugo inaposhukia kunywa na mitumbwi inapoegeshwa, na sehemu hizo ziachwe wazi kabla ya kokoto ya kwanza kumwagwa.