Alama ya Mwili na Heshima ya Mtu

Liko ulizo moja linalofaa kufikiriwa vema na kila ajitayarishaye kupokea Ubatizo. Watu wawili wana hali moja ya akili tangu kuzaliwa kwao, ile iitwayo usonji. Mmoja akataa kabisa mwili wake uchanjwe au uchorwe kwa wino. Akiona wembe au sindano hukimbia. Wa pili aitamani alama hiyo, na akiisha kuipata huitazama kila siku kwa furaha. Je, ni yupi mwenye haki? Na jamaa zao wafanye nini? Jibu si jepesi, kwani ndani ya ulizo hilo mna ulizo lingine lililo kubwa zaidi: mwili wa mtu ni wa nani?

Kwanza yafaa kujua alama zenyewe. Katika nchi ya Kongo kuchanja ngozi si jambo la jana. Watabwa wakaao kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Moba, walichanja nembo usoni na mwilini, na katika lugha yao neno moja, kulemba, lataja kazi ya kuchanja nembo na kazi ya kuandika pia. Sanamu za miti zilizochongwa zamani na mafundi wa Waluba zaonyesha wanawake wenye nembo tumboni na mgongoni, zilizopangwa kwa ustadi mwingi. Nembo ilikuwa uzuri. Ilikuwa pia neno lisilo na sauti: huyu ni wa ukoo huu, huyu amekwisha kukua, huyu ni mtu wa kwetu. Siku hizi desturi hiyo imepungua sana, na vijana wa mijini hupenda zaidi michoro ya wino iingizwayo ngozini kwa sindano. Lakini chale za dawa, zile zikatwazo kwa wembe na kupakwa unga wa mganga ili kumkinga mtu au kumfukuzia pepo, zingaliko.

Pili yafaa kujua usonji, ambao madaktari wa Kifaransa huuita otizimu. Mwaka 1925 daktari mmoja mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika habari za watoto wa namna hiyo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 aliowachunguza huko Baltimore, Marekani. Na mwaka 1944 Hans Asperger akaandika habari za wengine huko Vienna. Lakini watu hao hawakuanza kuwako siku walipoandikwa vitabuni. Shirika la Afya Duniani lakadiri kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 katika kila 127 alikuwa na usonji. Basi hakuna kijiji kikubwa kisicho na mmoja wao, ingawa jina la hali yake halijulikani.

Usonji watokana na namna ubongo ulivyoumbika tangu tumboni mwa mama, na mara nyingi urithi wa damu una sehemu yake. Mwenye usonji aweza kuwa mtu asiyesema hata neno moja; aweza pia kuwa mtu wa elimu nyingi, asemaye vizuri, lakini achoshwaye na mazungumzo ya watu wengi. Wengine hawapendi kutazamwa machoni. Wengine hupenda mambo yafuate utaratibu ule ule kila siku, na badiliko dogo huwatia hofu kubwa. Huo si uchawi, wala si laana ya wazee, wala si kosa la mama. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika sharti la 41, yakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto yamwadhibu afanyaye hivyo. Aliyemwita mtoto wa jirani mchawi kwa sababu hasemi, amevunja sheria ya nchi. Tena amevunja amri ya nane ya Mungu, kwani amemsingizia mtu asiyeweza kujitetea.

Sasa, kwa nini watu hao hawapatani juu ya alama za ngozi? Sababu ya kwanza ni mwili wenyewe. Kwa wengi wao hisia za mwili hazilingani na za watu wengine. Kuna mtu ambaye kuguswa kidogo tu kwamwuma kama moto; nguo yenye mshono mgumu yamtesa mchana kutwa. Mtu huyo akikatwa kwa wembe hateswi kama wenzake, bali zaidi sana. Kuna mwingine ambaye maumivu humfikia kwa uchache, au hupenda kubanwa kwa nguvu, kwani kubanwa kwamtuliza. Huyo aweza kuketi mbele ya fundi wa michoro saa nzima bila kulalamika, hasa akijua mapema ni lini sindano itaanza na ni lini itakwisha. Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye ngozi ndiye ajuaye ngozi yake.

Sababu ya pili ni fikira zao. Wako wanaouliza kwa unyofu: «Kwa nini nichukue alama kwa sababu watu wote wanayo?» Ulizo hilo huwaudhi wazee, lakini si ulizo la upumbavu. Wako wengine ambao badiliko lo lote la mwili wanaoujua lawatisha, hata kunyolewa nywele. Na wako ambao wamependa jambo moja kwa moyo wote, labda ndege, au nyota, au mashine, wakataka kulichukua jambo hilo ngozini mwao maisha yote. Hata katika Ulaya na Marekani hawapatani. Chama kimoja cha Uingereza kilitumia tangu mwaka 1963 picha ya kipande cha fumbo kuwa alama ya usonji. Wengi wenye usonji waikataa, kwani wasema kwamba mtu si fumbo wala hakupungukiwa kipande. Baadhi yao huchagua mchoro wa mstari uzungukao pasipo mwisho, na wengine huuchora mwilini. Wengine hawataki alama yo yote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na watu wenye usonji ni watu, si kundi la kondoo wenye rangi moja.

Hapa mtu aweza kupinga, akisema: «Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kimewakataza Waisraeli kujichanja kwa ajili ya wafu na kujitia alama mwilini. Basi atakaye alama ni mkosefu, na ulizo limekwisha.» Neno hilo ni la kweli, lakini lafaa kufahamiwa vizuri. Mungu aliwatenga Waisraeli na desturi za wapagani waliowazunguka, waliojikatakata kwa maombolezo na kwa heshima ya miungu yao. Kanisa halikuweka sheria ya kukataza kila alama ya ngozi. Wakristu Wakopti wa Misri huchora msalaba mdogo kifundoni mwa mkono; Wakatoliki wa Bosnia, hasa wanawake, walichora misalaba mikononi, na katika Etiopia na Eritrea wako wanawake wenye msalaba kwenye paji la uso. Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alipokutana na vijana huko Roma aliwakumbusha msalaba huo wa Waeritrea, akawaambia mapadri wa kesho wasiogope alama za vijana, maana zaweza kuwa mlango wa mazungumzo.

Je, basi kila alama ni njema? Hasha. Alama ya hirizi, itiwayo ili kuomba nguvu kwa pepo, ni dhambi juu ya amri ya kwanza. Alama ya matusi au ya chuki ni mbaya. Wembe mmoja ukipita katika ngozi za watu wengi waweza kuleta ukimwi, ugonjwa wa ini na pepopunda. Afanyaye hivyo ahatarisha uhai, na uhai si mali yake. Lakini alama isiyo na ubaya huo ni jambo la uhuru. Mtume Paulo aliwafundisha Wakristu wa Roma, katika sura ya 14, kwamba alaye nyama asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye, kwani kila mmoja ni mtumishi wa Bwana wake. Fundisho hilo latufaa hapa. Mwenye usonji atakaye alama asihukumiwe kuwa mwana mpotevu, na aikataaye asichekwe kuwa mwoga.

Lakini sehemu iliyo ngumu zaidi haijaguswa bado. Yule awezaye kusema hukubali au hukataa. Je, mtoto asiyesema? Jamaa wakutana jioni, mjomba asema: «Mtoto huyu amefikia miaka minane bila neno. Apelekwe kwa mganga, achanjwe chale kichwani na kifuani, pepo amtoke.» Mtoto ashikwa na watu wanne, alia, apiga mateke, nao wasema kwamba ndiye pepo anayelia. Kumbe anayelia ni mtoto.

Mwingine atajibu: «Hata muuguzi wa dispansari humchoma mtoto sindano ya chanjo bila kumwuliza. Kwa nini mmoja asifiwe na mwingine alaumiwe?» Jibu hili lafaa kupimwa, kwani lina nguvu. Wazazi wamepewa na Mungu mamlaka juu ya watoto wao. Lakini mamlaka hayo ni ya kulinda mema ya mtoto mwenyewe. Sindano ya chanjo yaondoa hatari ya kweli, kama surua, na faida yake imejulikana. Uchungu wake ni mfupi, wala hakuna njia nyingine ya kupata faida hiyo. Chale za mganga hazimpi mtoto asiyesema neno hata moja. Zampa jeraha, hofu, na labda ugonjwa. Na zile za kumfanya afanane na wenzake ni za kuondoa aibu ya jamaa, si mateso ya mtoto. Basi mahali pa kupambanua ni hapa: je, uchungu huu ni kwa ajili yake, au ni kwa ajili yetu? Tena kutosema si kutokuwa na neno. Mtoto avutaye mkono wake, azibaye masikio, akimbiaye nyuma ya nyumba, amekwisha kujibu. Atakaye kusikia atasikia.

Wako pia waulizao: «Kanisa nalo humbatiza mtoto mchanga bila kumwuliza, na Ubatizo ni alama isiyofutika. Je, si jambo lile lile?» Ndiyo, ni alama isiyofutika, Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba Sakramenti tatu, yaani Ubatizo, Kipaimara na Upadri, zatia alama hiyo rohoni. Lakini alama hiyo haikati wala haiumizi. Haimwondolei mtoto kitu, bali yampa: yamfanya mwana wa Mungu na ndugu wa Kristu. Alama ya wembe husema: huyu ni wetu kwa kuwa amefanana nasi. Alama ya Ubatizo husema: huyu ni wa Mungu hata asipofanana na mtu ye yote.

Kwa hiyo mwenye usonji asizuiliwe kupokea Ubatizo kwa sababu hasemi au hatulii kanisani. Ikiwa hawezi kuvumilia kuguswa, mzazi au msimamizi wake amweleze Padri mapema. Maji machache yenye joto la kadiri, yakimiminwa kichwani kwa maneno yaliyowekwa, yatosha. Wakatekumeni wanapopokelewa, Padri aweza kuwafanyia ishara ya msalaba kwa pamoja bila kumgusa kila mmoja, wakiwa wengi. Na katekista amwonyeshe mtoto huyo kanisa likiwa tupu, mara mbili au tatu, ili siku ya ibada mambo yasimshtue. Hiyo ndiyo kazi ya mapendo: kuipunguza njia, si kumlaumu mwenye miguu dhaifu.

Kwa kukumbuka mafundisho haya, wakatekumeni wajiulize na kujibu:

Ulizo: Mwili wa mtu ni wa nani?
Jibu: Ni wa Mungu aliyeuumba, naye amemkabidhi mwenyewe autunze. Si wa ukoo, wala si wa mganga.

Ulizo: Je, kila alama ya ngozi ni dhambi?
Jibu: Hapana. Ni dhambi ikitiwa kwa ushirikina, kwa chuki, kwa kumlazimisha mtu, au kwa kuhatarisha uhai.

Ulizo: Watu wenye usonji wakitofautiana juu ya jambo hilo, twafuata nani?
Jibu: Kila mmoja asikilizwe kwa nafsi yake, kwa maneno au kwa ishara zake.

Ulizo: Asiyesema na akataaye kwa machozi, je, amejibu?
Jibu: Amejibu. Wembe uwekwe chini.

Nabii Isaya alitangaza kwamba Mungu amewachora watu wake katika viganja vya mikono yake. Na Bwana Yezu alipofufuka alibaki na alama za misumari. Alama hizo alizipokea yeye kwa hiari yake, ili asiwe mtu wa kuumizwa tena kwa kisingizio cha wokovu. Katika mikono hiyo wameandikwa wasemao na wasiosema, wenye nembo na wasio na nembo.