Vazi la Mwingine

Kujivika sura ya mtu mwingine ni jambo la kale kuliko kamera, na lawama juu ya jambo hilo ni ya kale vilevile. Siku hizi limepata jina jipya. Katika miaka ya 1980 Wajapani waliunga maneno mawili ya Kiingereza, la vazi na la mchezo, wakapata neno moja, kosplei. Maana yake ni kuvaa na kujipamba hata mtu afanane na mhusika wa hadithi, wa sinema au wa kitabu cha katuni. Aghalabu mhusika huyo hupigwa picha, na picha ndiyo tunda la kazi yote. Swali ni hili: mtu aazimapo sura isiyo yake, huiazima kwa nani, na deni hilo hulipwaje?

Ichukuliwe kuwa mfano, wala si habari, kwamba vijana watatu wa Kibaha wamekusudia kazi hiyo. Mmoja anajua cherehani. Wa pili ana kamera. Wa tatu ana uso unaotii. Wamechonga upanga katika ubao mwepesi, wameunda deraya kwa maboksi na sponji, wakaipaka rangi ya fedha. Mahali walipopachagua ni Kisarawe, katika vilima vya Pugu, penye msitu mkongwe na mapango yaliyochimbwa na watu waliotafuta udongo mweupe wa kaolini. Wanajua kuwa watafika mapema, kwa sababu jua la utosini katika nchi hizi hutia kivuli machoni na kuufanya uso wa shujaa uwe kama fuvu.

Mzee mkali atasema kuwa huo ni uongo. Lakini uongo si kusema lisilokuwapo tu; uongo ni kumtaka mwingine aliamini. Avaaye pembe na mabawa hamtaki mtu yeyote aamini kuwa amezaliwa navyo. Zamani studio za picha za pwani zilikuwa na mapazia yaliyochorwa, na Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imehifadhi sura za watu wengi waliokwenda kupigwa picha wakiwa katika hali bora kuliko ya kila siku. Yamkini aliyeazima koti na saa kwa robo saa, akatuma picha kwa wakwe ili wamdhanie tajiri, alikaribia uongo zaidi kuliko kijana mwenye pembe. Ajabu ni kwamba wa kwanza huitwa mtanashati, na wa pili huitwa mwendawazimu.

Basi mchezo huu husalimika kwa sharti moja: atazamaye ajue kuwa ni mchezo. Sharti hilo ni jepesi kulitamka, na zito kulitimiza.

Tuseme vijana wale wamechoka na mashujaa wa ng'ambo, wakamtaka wa kwao, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya vita na kunyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Nia yao ni njema. Ebrahim Hussein alimweka jukwaani katika tamthilia yake ya mwaka 1969, na hapana aliyedhani kuwa mwigizaji ndiye marehemu. Lakini jukwaa lina mwisho. Taa huzimwa, mwigizaji huvua, watu huenda zao. Picha haina pazia. Hutoka mkononi mwa mmoja ikaingia mkononi mwa wa pili bila ya maelezo yake, na Kinjikitile hukumbukwa kwa jina na kwa maji, si kwa sura. Baada ya miaka michache uso wa kijana wa Kibaha waweza kubandikwa katika daftari la mwanafunzi kuwa ndio uso wa mtu yule. Hapo hakuna aliyekusudia kudanganya, na wote wamedanganyika. Kwa hiyo jina la mvaaji na mwaka wa picha viandikwe ndani ya picha yenyewe, wala si kando yake, ingawa mpiga picha atanung'unika kwamba maandishi yanaharibu uzuri.

Mwali wa Kizaramo ni shauri jingine kabisa. Yeye si wa hadithi wala si marehemu. Ni binti wa jirani. Kukaa kwake ndani, kinyago cha mwana hiti, na ngoma ya kutolewa kwake ni mambo yenye wenyewe, na sehemu yake ni siri. Kuandika jina chini ya picha hakutoshi hapa, maana kosa halitakuwa la kumdanganya atazamaye bali la kumwonyesha asichoruhusiwa kuona. Yafaa aulizwe kungwi, na akikataa, vazi lile lisishonwe. Wako watakaoona kuwa sanaa imefungwa mkono. Imefungwa kweli, kama mgeni afungwavyo mkono na mlango wa chumba asichokaribishwa.

Yabaki msitu wenyewe. Mkata kuni apitaye njiani hakualikwa katika mchezo, wala hajui kosplei ni nini. Mwaka 2017, katika wilaya za Kibiti na Rufiji, ndani ya mkoa huohuo wa Pwani, askari polisi na viongozi wa vijiji waliuawa na watu wenye silaha, na hofu ya siku zile haikwisha pamoja na mwaka. Mwanamke mwenye mzigo kichwani akikutana na mtu aliyefunika uso, mwenye bunduki ya mbao iliyopakwa rangi vizuri, atakimbia na kujeruhiwa kweli na kitu cha uongo. Ustadi wa fundi ndio uliozidisha kosa: bunduki mbaya ingemchekesha. Kibali cha wahifadhi wa msitu kinafungua lango tu. Mwenyekiti wa kitongoji naye aarifiwe, bunduki iachwe Kibaha, na upanga uchukuliwe umefungwa katika kitenge, ufunguliwe mbele ya kamera tu. Na mmoja asimame njiani, uso wazi, kuwaamkia wapitao na kuwaeleza kuna nini mbele.

Hata hapo mpiga picha atavutwa na mzee anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, maana moshi na vumbi vyake vinapendeza nyuma ya deraya ya fedha. Mzee huyo hakuvaa mhusika yeyote. Kamera ishushwe kwanza, aamkiwe shikamoo, aulizwe. Naye akisema apite kwanza, wangoje apite.