Wagombea wako makaburini, sisi bado hatusalimiani

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumbani kwake na Maswahaba wake.

Ndugu msomaji, nianze na jambo nililolishuhudia kwa macho yangu. Ilikuwa Oktoba 2015, katika mji mdogo mmoja wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Tulikuwa tumemaliza Isha, tumekaa kwenye baraza la msikiti kama ilivyo kawaida yetu. Wawili kati yetu walikuwa mtu na shemeji yake. Mmoja ana duka karibu na stendi, mwingine ni mnunuzi wa kahawa. Mwenye duka ni CCM, mnunuzi wa kahawa ni UKAWA.

Mazungumzo yalianza vizuri. Mwenye duka akauliza, "Shemeji, huyo Lowassa mlimwita fisadi miaka yote, leo amekuwa walii?" Mwenzake akajibu, "Na nyinyi, shemeji, miaka yote alikuwa wenu. Mmeuona ufisadi wake alipohama?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Maswali yote mawili yalikuwa ya haki na yalistahili majibu.

Lakini hawakuishia hapo. Mmoja akasema mwenzake amenunuliwa kwa fulana na kofia. Mwingine akasimama na kusema, mbele ya watu, kwamba nyumba yao ilikosea kumpa dada yao mtu wa namna ile. Baraza likanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nikisomesha watoto wa wote wawili madrasa. Nilikuwa kijana, nikaona si mahali pangu kusema, nikaondoka. Mwaka uliofuata baba yake mwenye duka alifariki. Shemeji yake hakuonekana kwenye janaza. Dada wa watu, mke wa huyu na ndugu wa yule, alilia misiba miwili siku hiyo.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015. Tume ilimtangaza Dk. John Magufuli kuwa mshindi kwa asilimia 58.46, Edward Lowassa akipewa asilimia 39.97. Machi 2019 Lowassa akarejea CCM na kupokewa kwa makofi. Machi 2021 Rais Magufuli akafariki na kuzikwa kwao Chato. Februari 2024 Lowassa naye akafariki na kuzikwa kwao Monduli. Wagombea wote wawili wako mbele ya Mola wao. Wale mashemeji wawili, mpaka naandika haya, wakikutana njiani mmoja anavuka upande wa pili.

Swali la kujiuliza ni hili: waligombania nini?

Ifahamike kuwa Uislamu haukukataza watu kujadiliana kuhusu uongozi. Maswahaba (R.A.) walijadiliana pale Saqifa, siku ileile aliyofariki Mtume (S.A.W.), na sauti zilipanda. Mtume mwenyewe ametufundisha kuwa miongoni mwa jihadi zilizo bora kabisa ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Kwa hiyo anayesimama mimbarini na kutuambia kuwa Muislamu mwema ni yule asiyesema kitu wakati wa uchaguzi, huyo hajatutendea haki. Amani haiji kwa kuzibana midomo. Yaliyotokea nchini mwetu tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, ambapo watu walipoteza maisha, yametosha kutuonyesha kuwa kimya cha juu juu kinaweza kuwa na moto chini yake.

Hivyo basi, kilichokatazwa ni kipi? Tuangalie kisa mashuhuri, alichokisimulia Jabir bin Abdillahi (R.A.) na kukusanywa na Bukhari na Muslim. Katika safari moja ya vita, mtu mmoja wa Muhajirina alimpiga mtu wa Answari. Aliyepigwa akapaza sauti kuwaita Answari wenzake, na aliyepiga akawaita Muhajirina wenzake. Watu wakaanza kukusanyika pande mbili. Mtume (S.A.W.) aliposikia alitoka na kuuliza kulikoni na wito wa kijahilia, kisha akawaamrisha wauache kwa kuwa ni kitu kinachonuka.

Ndugu zangu, tulitafakari jambo hili. Majina ya "Muhajirina" na "Answari" hayakutoka kwa makafiri. Ni majina ambayo Qur'an yenyewe imewasifu wenye nayo. Lakini siku yalipotumika kuwakusanya watu dhidi ya ndugu zao, bila kujali nani mwenye haki, yaligeuka kuwa wito wa kijahilia. Ikiwa majina matukufu kiasi hicho yaliweza kunuka, itakuwaje kwa majina ya CCM, CHADEMA, CUF au ACT-Wazalendo, yaliyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama?

Chama ni chombo, na chombo hubadilisha abiria. Wenzetu wa Biharamulo, majirani wa Ngara, ni mashahidi wazuri. Mwaka 2005 jimbo la Biharamulo Magharibi lilichukuliwa na TLP, kwa marehemu Phares Kabuye. Mwaka 2009, katika uchaguzi mdogo, likaenda CCM kwa Oscar Mukasa. Mwaka 2010 likaenda CHADEMA kwa Dk. Anthony Mbassa. Mwaka 2015 likarudi CCM kwa Mukasa yuleyule. Ndani ya miaka kumi jimbo lilipita katika mikono ya vyama vitatu! Aliyekata undugu mwaka 2005 kwa ajili ya chama chake, mwaka 2010 alibaki bila chama na bila ndugu. Aliyebaki jirani yako ni yuleyule wa kukukopesha chumvi, kukubebea mgonjwa na kukushushia mwanandani.

Watu wa Ngara wana sababu ya ziada ya kuuogopa ulimi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani humo. Walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo waliotoka kuua. Mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti hadi Ziwa Victoria. Benaco, ambapo leo madereva wa malori hupumzika, ikawa mji wa wakimbizi.

Maafa yale yalitanguliwa na maneno. Redio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na majirani wakaitwa mende hewani. Gazeti la Kangura nalo likafanya kazi hiyohiyo kwa wino. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mhariri wa gazeti hilo, na mwaka 2007 rufaa ikamwachia kifungo cha miaka 35. Jina lake ni Hassan Ngeze, naye ni Muislamu. Kwa upande mwingine, Waislamu wengi wa Rwanda walisifika kwa kuwaficha waliokuwa wakisakwa. Kalima ni moja, lakini mmoja alitumia ulimi wake kuchochea na wengine wakatumia nyumba zao kuhifadhi.

Sisemi kuwa ubishi wa barazani kwetu ni sawa na yale. Nasema kuwa mlango wa kuingilia ni mmoja: siku unapoacha kuijibu hoja ya mtu na kuanza kumpa mtu mwenyewe jina. Sura ya Hujurat, aya ya 11 na ya 12, imeutaja mlango huo hatua kwa hatua: kudharauliana, kutiana aibu, kupeana majina mabaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Na Sura ya Maida, aya ya 8, inatuonya kuwa kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu.

Basi msimu wa uchaguzi unapokuja, tushikamane na mambo matatu. Kwanza, tuulize kazi: maji, zahanati, bei ya kahawa, ardhi, haki za raia na haki zetu Waislamu. Tumuulize mgombea wa chama chetu kwa ukali uleule tunaomuulizia wa chama kingine. Pili, ukoo wa mtu, ndoa yake na imani yake visiingizwe katika ubishi wa kura. Tatu, walimu na maimamu tusikimbie baraza linapochafuka, kama nilivyokimbia mimi. Neno moja la kusuluhisha usiku ule lingeweza kumfikisha mtu kwenye janaza ya mkwe wa dada yake.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na kuwa mbora wao ni anayeanza kwa salamu. Kuanzia Oktoba 2015 hadi leo, hesabu mwenyewe ni siku tatu ngapi zimepita. Nimeshakwenda kwa mwenye duka kumuomba radhi kwa kuondoka kwangu. Kwa mnunuzi wa kahawa nitakwenda, Inshaallah, kabla ya Ijumaa ijayo. Wewe msomaji, uliyeko Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, bila shaka unaye wako. Usisubiri uchaguzi mwingine, wala usisubiri janaza.

Wabillahi tawfiq.