Upepo wa Asubuhi Ile

Mwaka jana niliuza gari langu. Tairi moja la nyuma lilikuwa likipoteza upepo polepole: Jumatatu 32, kufika Ijumaa 24. Fundi wa pancha alipaka maji ya sabuni, povu likatokea pale tairi linapokutana na rimu. Rimu ya alumini ikiliwa na kutu hufanya unga mweupe, tairi halikai sawasawa. Dawa ni kuvua tairi, kusugua rimu kwa brashi ya waya na msasa hadi iwe laini, kupaka gundi ya kuziba, kisha kurudisha. Si kazi ya siku nzima. Lakini mimi nikawa najaza upepo tu.

Asubuhi ya kuuza nilipitia petroli stesheni nikajaza 32. Mnunuzi, ndugu wa hapa hapa kanisani, akapiga tairi teke, akaridhika. (Teke halikuambii kitu, wapendwa.) Hakuuliza, nami sikusema.

Chuoni tulifunzwa kwamba mnunuzi ajichunge mwenyewe. Nikajitetea hivyo miezi mingi: sikudanganya mtu. Juzi nikiandaa somo la Mithali 11:1, kuhusu mizani, nikakumbuka ile geji. Ule upepo ulikuwa wa nini? Sikuwa na safari. Niliujaza ili yeye aone tairi zima.

Jumanne nikampigia simu. Akacheka. "Kumbe, Pasta! Mimi najaza kila wiki."

Jumamosi tunakutana kwa fundi. Nalipa mimi.