Nia ya Mshihiri katika Vita vya Wengine

Septemba 1914, askari aliyevuka Likoni kuelekea kusini alikuwa anakwenda vitani. Wajerumani walikuwa wametoka upande wa Tanga, wakafuata mwambao hadi karibu na Gazi, na shabaha yao ilikuwa Mombasa. Miongoni mwa waliotumwa kuwazuia walikuwamo Waarabu wa Hadhramaut, ambao mji uliwaita Washihiri. Walikuja kwa majahazi ya kaskazi kutafuta riziki: wakabeba maji, wakabeba mizigo, wakauza kahawa, dele mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, wakivigonganisha ili mteja asikie kabla hajaona.

Aliyewaandikisha alikuwa Arthur Wavell, Mwingereza mwenye shamba la mkonge Nyali, upande wa Kisauni. Huyu alikuwa mtu wa vituko. Mwaka 1908 alikwenda Makka wakati wa hija akijifanya Mzanzibari kwa jina la Ali bin Mohammed, akifuatana na Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi, kisha akaitungia kitabu safari hiyo. Kikosi chake cha Washihiri kikajulikana kama Arab Rifles.

Novemba 1914 vita hivyo vikageuka suala la dini. Sultani wa Uturuki, aliyekuwa na cheo cha ukhalifa, alikuwa ameungana na Ujerumani, na Istanbul ikatangaza jihadi dhidi ya Uingereza na washirika wake. Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, mwenye mwambao kwa jina, alisimama na Waingereza. Isitoshe, wengi wa askari weusi wa jeshi la Wajerumani walikuwa Waislamu. Mshihiri wa Gazi aliswali akielekea kibla kile kile cha mtu aliyemlenga bunduki.

Amtii nani?

Mtu wa haraka atajibu kuwa alitii mshahara, yakaisha. Lakini mtoto yeyote wa chuoni anaijua hadithi ya Mtume isemayo kuwa amali hupimwa kwa nia, na mfano unaotolewa ndani yake ni wa uhamaji. Aliyehama kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, hijra yake ni hiyo. Aliyehama kutafuta dunia au mke, fungu lake ni alichokihamia. Kwa kipimo hicho, mchukuzi wa maji aliyeikimbia njaa ya kwao hana la kulaumiwa. Ugumu unaanza siku anapotua debe na kushika bunduki, kwa kuwa riziki hii ya pili inaweza kumtoa roho mtu ambaye hakumkosea.

Hata hivyo yapo ya kumtetea. Mombasa ndiko alikolala, alikoswali na alikodai na kudaiwa. Adui alikuwa njiani kuja huko huko, na kumlinda jirani si jambo linalokatazwa na dini. Yamkini mtu mmoja alibeba nia tatu kwa pamoja: posho, kumfuata kiongozi aliyemwamini, na kuulinda mji. Kumwita shahidi au kumwita mamluki ni kuchagua nia moja kati ya hizo kwa niaba yake.

Wavell aliuawa kwa kuviziwa Mwele, kwenye vilima vya Shimba, tarehe 9 Januari 1916, pamoja na baadhi ya askari wake. Mnara wa kumbukumbu yao umesimama nje ya Fort Jesus.

Mwandikishaji ndiye anayestahili kuulizwa zaidi, kwani yeye anavijua vita kabla ya anayeandikwa. Swali hilo halijazeeka. Katika miaka ya 2010, vijana wa Likoni na Kisauni walishawishiwa kwenda Somalia kupigania Al-Shabaab. Waliwekewa dini mbele, na baadhi yao fedha zikafuata nyuma. Mwaka 2025 mambo yakageuka: Wakenya waliahidiwa kazi nzuri Urusi, na baadhi wakajikuta kwenye mstari wa mbele Ukraine, wakiwa wametia saini mikataba ya Kirusi wasiyoweza kuisoma. Novemba mwaka huo serikali ya Kenya ilisema huenda zaidi ya raia wake 200 wamejiunga na jeshi la Urusi. Mshihiri wa 1914 angalau alimjua aliyemwandika, na uwanja wa vita ulikuwa mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu kutoka kwenye kivuko.

Nia haiwezi kuwa safi wala chafu pale mtu alipofichwa anachokiendea. Kwa hiyo mahubiri yanayomwonya kijana peke yake hayatoshi. Maimamu na wachungaji wa Changamwe, Likoni na Kisauni wawageukie pia mawakala wa safari wanaopita mitaani na ahadi za kazi ya ng'ambo, wawaulize hadharani: kazi hiyo ni ya nani, mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na mama atapigiwa simu na nani iwapo mwanawe hatarudi? Asiye na majibu asipewe pasipoti ya mtoto wa mtu.