Twende Tukabwage Moyo



Vijana wenzangu, likizo iliyopita nilikwenda kuhiji Bagamoyo na rafiki yangu. Hela hatukuwa nayo. Tulichanga, tukatenga nauli ya kwenda na kurudi, kilichobaki kikawa cha maji na chapati. Asubuhi tukapanda gari Makumbusho, Dar es Salaam, safari ya kilomita kama 70. Wengi wetu tunaahirisha hija tukisubiri basi la kukodi na fulana za sare. Kumbe gari la abiria linatosha kabisa.

Rafiki yangu alikuwa hajaingia kanisani tangu amzike baba yake, mwaka na zaidi. Kiukweli, nilikuwa namkwepa. Mimi ni frateri, nimesoma falsafa, nikaona aibu kukaa naye bila jibu. Tulipopita Bunju akaanza mwenyewe: "Frateri, nilisali rozari kila siku pale wodini. Mzee akafa."

Nikaanza kumweleza mafundisho ya Mtakatifu Augustino, kwamba ubaya ni upungufu wa wema. Akageukia dirishani. Nikanyamaza. Augustino hakukosea. Nilikosea mimi, maana nilimjibu mfiwa kama vile yuko kwenye chumba cha mtihani.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Tulianzia Msalabani, ufukweni, tukapita njia ya miembe hadi makaburi ya wamisionari. Hapo tulikaa sana. Wengi wao walikufa vijana, kwa malaria na maradhi mengine. Rafiki yangu alipita kaburi moja moja akihesabu miaka.

"Huyu umri wetu. Huyu naye. Na hawa walisali, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wakafa."

"Ndiyo."

Sikuongeza neno.

Pangoni kwa Bikira Maria alikaa pembeni peke yake. Nikasali rozari nikiwa na wasiwasi, nikijua huenda nimempoteza rafiki. Alipoinuka akasema: "Sijasali, kaka. Nimemwambia tu Mungu kwamba nimemkasirikia."

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo sala." Nikamtajia Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na bado Kanisa linaisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala. Mama Kanisa haogopi machozi yetu.

Wapendwa, fungueni Luka 24:13-35. Marafiki wawili wanatembea kwenda Emau, wamevunjika moyo. Yesu anaungana nao. Angeweza kujitambulisha palepale, lakini anaanza kwa kuuliza wanazungumza nini, kisha anawaacha waseme yote: matumaini yao yaliyozimika, hata habari za kaburi wasizoziamini. Akishawasikiliza ndipo anawafafanulia Maandiko, na mwisho anaumega mkate. Mimi kwenye gari nilianzia kwenye ufafanuzi, nikaruka kusikiliza.

Kuhusu jina Bagamoyo, wapo wanaosema ni "bwaga moyo": wapagazi wametua mizigo, sasa wanapumzika. Wengine wanasema ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake huku, kwa sababu mwili unavushwa bahari. Sitaamua nani yuko sahihi. Najua tu kwamba kwa Mungu unaweza kubwaga moyo kwa namna zote mbili, ukiwa umepumzika au ukiwa umekata tamaa. Anaupokea.

Rafiki yangu bado hajarudi Misani, na sitawadanganya. Ila juzi alinitumia meseji: "Frateri, tunaenda tena lini? Safari hii nauli juu yangu."

Kijana mwenzangu, yupo mtu unayemkwepa kwa sababu huna jibu? Mtafute wiki hii. Changeni nauli, bebeni maji na rozari, nendeni mahali patakatifu palipo karibu nanyi. Njiani, muulize anaendeleaje, halafu nyamaza umsikilize.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyetembea na wawili wa Emau, tembea na rafiki zetu waliochoka kusali. Utufundishe kusikiliza kabla ya kufundisha. Kaa nasi, maana jioni inaingia. Amina.

Bikira Maria, Mama wa mahujaji, utuombee.