Kiongozi, Weka Mizani Hadharani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba wa Usukuma alilima, akapalilia, akachuma, kisha akabeba mzigo wake hadi kituo cha mnunuzi. Pale kazi yake ikageuka kuwa siri ya mtu mwingine. Mwingine aliusoma uzito, mwingine alitaja bei, mwingine alihesabu fedha. Mkulima alipewa jibu tu. Malalamiko ya kupunjwa yakaenea kijiji hadi kijiji.

Wakulima wale wakafanya jambo moja lililo wazi kabisa. Wakachanga fedha, wakaajiri wapimaji wao wenyewe, wakawasimamisha kando ya mizani ya mnunuzi ili kila mtu ajue pamba yake ina uzito gani. Kutoka kwenye hatua hiyo likazaliwa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika ambayo Afrika imewahi kuyaona.

Nakuandikia wewe unayeongoza watu leo hapa Usagara na kando yote ya Ziwa Victoria. Wewe fomeni wa karakana, mwalimu mkuu, msimamizi wa zamu kwenye ghala la mpunga, mwenye mitumbwi ya dagaa, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale njia panda, ambapo barabara ya kutoka Mwanza mjini hugawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Kigongo, hadi Sengerema na Geita. Unalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi. Nakuomba kwanza ujiulize: je, wanaiona mizani?

Waonyeshe kazi yao imezaa nini

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Aliwahi kuwa karani mgodini Mwadui, kisha akashika kazi ya ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alipozunguka vijijini kuwaunganisha wakulima wa pamba, hakuwa na fedha za kuwagawia wala cheo cha serikali cha kuwatisha. Alichokuwa nacho ni hoja waliyoielewa wote: pamba ni yenu, uzito muujue nyinyi. Vyama vya msingi vya kwanza vikaandikishwa mwaka 1953. Mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na kabla ya muongo ule kwisha, mamia ya vyama yalikuwa yakikusanya karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa, huku shirikisho likimiliki viwanda vyake vya kuchambulia.

Tazama mpangilio wake. Ukweli wa uzito ulitangulia, imani ikafuata, umoja ukaja baadaye. Viongozi wengi leo wanaanza mwishoni: wanaita kikao, wanahubiri umoja, wanagawa fulana zenye nembo, kisha wanafunga hesabu kabatini. Fulana zinachakaa, na minong'ono inabaki.

Wapo wanaoogopa. Wanasema, wafanyakazi wakijua faida watadai nyongeza. Ndugu yangu, watu wasiopewa hesabu hujitungia yao, na ile ya kubuni huwa kubwa kuliko ya kweli. Nenda kwenye mwalo wowote wakati wa mgao wa dagaa. Gharama za mafuta na chakula hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Tajiri anayehesabu mbele ya wavuvi wake huku risiti zikionekana, kesho atawakuta ufukweni wakimsubiri. Anayehesabia chumbani atashangaa siku moja kuona wamehamia mtumbwi wa jirani.

Basi anza kesho asubuhi. Tundika ubao mahali ambapo kila mtu anapita. Andika jana mmepakia magunia mangapi, mangapi yamerudishwa, lengo la leo ni lipi. Kama ni shule, andika ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaoweza kusoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, na mwezi ujao andika tena. Namba chache zinatosha, ilimradi ziwe za kweli na zibadilike kadiri watu wanavyofanya kazi. Mtu akiona jasho lake limesogeza namba, huna haja ya kumfokea.

Ingia shambani

Zamani, katika vijiji vya Wasukuma, vijana walikuwa na umoja wao wa kazi, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Utemi ulikuwa na koo zake. Lakini nsumba ntale alitoka miongoni mwa watu wa kawaida. Familia iliyotaka kulimiwa shamba ilimwendea yeye, naye akawaita vijana. Walilima kwa ngoma na nyimbo, majembe yakipanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe mpaka leo, imetokana na kazi hiyo.

Katika safu ya namna ile aliyechoka alibebwa na mwendo wa wenzake, na mvivu alionekana bila kutajwa jina. Kiongozi naye alionekana. Nguvu yake ilitokana na ukweli kwamba watu waliijua kazi yake na waliuona mgongo wake ukiinama kama migongo yao.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukitaka zamu ianze saa moja, uwepo kabla ya saa moja. Ukitaka mashine isafishwe, kuna siku ushike tambara. Huhitaji kufanya kazi ya kila mtu, lakini lazima uijue kiasi cha kutambua nani amepewa mzigo usiobebeka na nani amejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Na kabla hujatoa amri mpya, muulize anayeshika chombo kila siku: hapa panakwama wapi? Mara nyingi dawa anayo mpakiaji, na anachokosa ni mtu wa kumsikiliza.

Kanuni nazo ziwe za wote. Mpwa wako akichelewa, akatwe mshahara kama alivyokatwa mtoto wa jirani. Siku utakapomsamehe ndugu yako kwa kosa ulilomwadhibia mwingine, umeichezea mizani mbele ya macho ya watu, na itakuchukua muda mrefu kurudisha imani yao.

Mtunze anayecheza vizuri

Nenda Bujora, Kisesa, mwezi Juni, msimu wa Bulabo. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu, ambavyo asili yake ni waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, hushindana uwanjani kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru kwenda upande wowote, na upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Mchezaji hasubiri barua ya mwisho wa mwaka ili ajue alicheza vipi. Akilegea anaona watu wanahama. Akijitoa anaona duara linanenepa, na watu wanaingia uwanjani kumtunza.

Mcheza kwao hutunzwa. Sasa mfikirie yule mama anayefungua ofisi yako kila siku kabla ya wote. Mfikirie fundi aliyeokoa oda ya mteja usiku wa Jumamosi. Umewaambia nini? Wengi wetu ni wepesi wa kuona kosa na wazito wa kuona jema. Sifia siku hiyohiyo, mbele ya wenzake, kwa jina, na utaje alichofanya. "Hongera kwa kazi nzuri" haimfikii mtu. "Jana mzigo wa Geita uliondoka kwa wakati kwa sababu ulibaki kuhakiki magunia" inamfikia, na inawafundisha wengine kazi nzuri inafananaje. Ukiwa na la kuonya, mwite pembeni.

Lakini usifanye sifa kuwa badala ya malipo. Makofi hayanunui unga. Lipa mshahara siku uliyosema, na ukikwama sema mapema na utaje tarehe nyingine. Bonasi uliyoahidi ni deni. Hakuna hotuba inayoweza kufufua moyo wa mtu aliyekopa nauli ili aje kufanya kazi kwako.

Jenga kazi itakayoendelea bila wewe

Kati ya mwaka 1953 na 1954 Bomani alikwenda Uingereza kusomea ushirika, Loughborough. Wakulima hawakurudi nyuma. Vyama viliendelea, na aliporudi alikuta kitu cha kuunganisha. Hicho ndicho kipimo kigumu kuliko vyote kwa kiongozi: siku usipokuwepo, mizani bado inasomwa sawasawa?

Tuna mfano mwingine karibu yetu zaidi. Jiwe la msingi la Daraja la Kigongo–Busisi liliwekwa na Rais John Magufuli Desemba 2019. Machi 2021 akafariki dunia. Kazi majini haikusimama. Wahandisi, mafundi na vibarua, wengi wao Watanzania kando ya mkandarasi kutoka China, waliendelea nguzo kwa nguzo hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua tarehe 19 Juni 2025: daraja la urefu wa kilomita 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Mahali ambapo abiria na wagonjwa walikaa foleni ya kivuko hata saa mbili, leo gari linavuka kwa dakika chache. Mradi wa ukubwa huo hauwezi kuishi kichwani mwa mtu mmoja. Unaishi kwenye michoro, kwenye ratiba, na kwenye mikono ya watu wanaojua kila mmoja anawajibika kwa nini.

Kwa hiyo gawa mamlaka, usigawe kazi tu. Mpe msaidizi wako uamuzi kamili: anunue nini, amwajiri nani, hadi kiasi gani bila kukupigia simu. Akikosea, kaeni mpitie lilipokwama, kisha umrudishe kazini. Kiongozi anayebeba funguo zote mfukoni anaweza kujiona wa muhimu sana, lakini siku akiugua malaria biashara nzima inalala kitandani pamoja naye.

Mizani ikifichwa tena

Historia ya pamba yetu ina sura ya pili, nayo lazima isemwe. Ushirika ulikua haraka nchini kote, na umbali kati ya mwanachama na hesabu zake ukakua pamoja nao. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na kukuta, pamoja na mengine, wanachama wasiofahamu mambo ya chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, na siasa kuingilia kazi. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na ilibidi sheria ya mwaka 1982 ije kuvirudisha. Kilichojengwa na wakulima waliosimama kando ya mizani kilidhoofika pale wakulima walipoacha kuiona.

Hilo litakupata hata wewe mwenye wafanyakazi sita. Unaweza kuanza vizuri, ukaaminiwa, ukakua, kisha ukaanza kuhesabia chumbani kwa sababu una haraka. Usikubali. Kadiri kundi linavyokua, ndivyo ubao unavyopaswa kuwa mkubwa.

Ndugu kiongozi, watu wa kando ya ziwa hili wamekwisha kuthibitisha kwamba wanaweza. Walilima kwa safu, wakajenga ushirika uliovuma nje ya mipaka, na jana tu wamesaidia kulaza daraja juu ya maji. Hawajapungukiwa nguvu wala akili. Wanasubiri mtu atakayewaonyesha kwa haki jasho lao limezaa nini. Kuwa mtu huyo. Waite watu wako kesho asubuhi, funua hesabu, mtaje kwa jina aliyefanya vizuri, lipa unachodaiwa, kisha shika jembe uingie nao kwenye safu.